Bei ya Kuchelewa



Leo naanzia mbali, New York, miaka ya 1960. Mwalimu wa uchumi aitwaye Gary Becker anaendesha gari kuelekea Chuo Kikuu cha Columbia. Kuna mwanafunzi anamsubiri kwa mtihani wa mdomo, na mwalimu amechelewa. Ana njia mbili. Alipeleke gari kwenye maegesho ya kulipia, au aliache kando ya barabara mahali palipokatazwa, huku akijua kwamba askari akipita atamwandikia faini. Wengi wetu hapo husema liwalo na liwe, tukashuka. Becker alipiga hesabu. Maegesho ni kiasi gani? Faini ni kiasi gani? Na askari ana nafasi gani ya kupita mtaa huu kabla sijarudi? Hesabu ikamwambia kwamba kuvunja sheria kunalipa. Akaliacha gari barabarani, akaenda zake. Na hakuandikiwa faini.

Mtu mwingine angeishia hapo, akajipongeza. Becker, alipokuwa anamalizia mitaa michache kwa miguu, akajiuliza jambo la pili. Kama mimi nimepiga hesabu hii, bila shaka na wakubwa wa jiji wamepiga yao. Kila askari wa ziada anataka mshahara, lakini faini unaweza kuipandisha kwa kalamu tu. Basi wanapanga idadi ya askari na ukubwa wa faini kwa kukisia watu kama mimi tutafanya nini. Alipoingia kwenye chumba cha mtihani, swali hilo akamtwisha yule mwanafunzi, na mwenyewe alikuwa hajalipatia jibu. Maskini mwanafunzi wa watu!

Jibu lake Becker alilitoa mwaka 1968, kwenye makala kuhusu uhalifu na adhabu ambayo wachumi wanaisoma mpaka leo. Na mwaka 1992, alipokwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, kisa cha gari alikisimulia mwenyewe mbele ya wageni waalikwa, bila haya yoyote.

Hesabu hiyo ndiyo nataka tukae nayo jioni ya leo. Becker alitufundisha kwamba mtu hupima faida na hasara hata pale ambapo hakuna duka, hakuna mizani wala muuzaji. Mimi nakubali. Nina neno moja tu la kuongeza, nalo ni kwamba ukiipachika namba mahali ambapo haikuwepo, mahali pale hapabaki vile palivyokuwa.

Nimweleze kidogo huyu bwana. Alizaliwa mwaka 1930 Pottsville, Pennsylvania, akasomea Chicago, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Milton Friedman. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1957, kilihusu ubaguzi wa rangi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwajiri anayemkataa fundi hodari mweusi akamchukua mweupe asiyejua kazi, anaulipia ubaguzi wake kutoka mfukoni, kama mtu anavyolipia anasa. Kwa miaka kadhaa kitabu hicho hakikutikisa chochote. Wachumi walisema ubaguzi si uchumi. Wanasosholojia nao walishangaa huyu mchumi anatafuta nini shambani kwao. Becker hakukoma. Akaingia kwenye elimu, kwenye saa za mtu, kwenye ndoa, kwenye idadi ya watoto. Ndoa na watoto leo nayapita. Yanataka jioni yake, na nyumbani kwangu kuna watu wanaosikiliza redio.

Tuje barabarani. Panda daladala Dar es Salaam saa ya watu kwenda kazini, kaa mbele ukibahatika, umtazame dereva. Huyu hakufika Chicago, lakini hesabu ni ile ile. Kuna hesabu ya tajiri mwenye gari, ambayo lazima itimie jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna mafuta. Kuna konda. Kinachobaki ndicho chake. Akichepuka pembeni ya foleni, akapita juu ya njia ya waenda kwa miguu, anaokoa dakika ishirini, na asubuhi dakika ishirini ni abiria wengi. Akikamatwa, kuna faini. Je, trafiki wapo pale mbele au hawapo? Madereva wanaotoka upande wa pili wanamwashia taa kumjulisha. Wewe abiria unadhani wanasalimiana. Zile taa ni takwimu, msikilizaji, zinakusanywa na kusambazwa bure kila asubuhi, na hakuna ofisi inayozitoa upesi namna ile.

Hapa hesabu ya Becker inafanya kazi barabara. Inaeleza hata jambo ambalo hotuba nyingi za wiki ya usalama barabarani hazilielezi, yaani kwa nini kupandisha faini peke yake hakusaidii sana. Faini kubwa isiyokufikia ni maneno. Becker aliitilia maanani kauli ya watu wa mahakama kwamba uhakika wa kukamatwa unatisha kuliko ukali wa adhabu, akaiweka ndani ya hesabu yake.

Ila sisi tuna kipengele cha ziada. Faini ina kiwango chake, lakini dirishani mwa gari mara nyingine huwa kuna bei nyingine, ya chini, isiyo na risiti. Kwa dereva, kitu kidogo ni punguzo. Hilo nalo wachumi hawakuliacha. Mwaka 1974 Becker na mwenzake George Stigler waliandika kwamba msimamizi wa sheria alipwe vizuri, kiasi kwamba akifukuzwa kazi atapoteza zaidi ya kile anachopewa dirishani. Inapendeza kuisikia. Mwaka 2010 Ghana ilipandisha mishahara ya polisi ikawa karibu mara mbili. Watafiti waliokuwa wakifuatilia malori kwenye barabara kuu za Afrika Magharibi walikuta kwamba askari wa Ghana walizidisha bidii ya kudai, na fedha walizotozwa madereva ziliongezeka. Nadhani tatizo lilikuwa kwamba nusu ya dawa ndiyo iliyonunuliwa. Mshahara ulipanda, hofu ya kufukuzwa ikabaki pale pale.

Sasa tuiondoe faini kabisa. Tuseme mtu akivunja sheria halipi chochote. Atafanya nini?

Jiji la New York lilikuwa na jaribio la namna hiyo kwa miaka mingi bila kulipanga. Makao makuu ya Umoja wa Mataifa yako pale, na wanadiplomasia wana kinga. Askari anaandika faini, anaibana kwenye waipa ya kioo, mwanadiplomasia anaichukua na kuitupa. Hakuna wa kumdai. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walizipekua kumbukumbu za jiji tangu Novemba 1997 hadi mwishoni mwa 2002. Wakakuta faini zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Lakini hazikugawanyika sawa kwa sawa. Wanadiplomasia wa Kuwait waliongoza, kila mmoja kwa wastani wa faini zaidi ya 200 kwa mwaka, yaani karibu kila siku ya kazi. Wa Norway na Sweden, sifuri. Na wewe uliyekwisha kusema moyoni “hao ni Wazungu”, ngoja kidogo. Oman ilikuwa sifuri. Burkina Faso ilikuwa sifuri.

Hebu litazame hilo. Mtaa ni ule ule, kinga ni ile ile, na bei ya kosa kwa wote ni bure. Mmoja anaegesha mbele ya bomba la zimamoto, mwingine anazunguka mtaa mara nne akitafuta nafasi halali. Fisman na Miguel waliona kwamba nchi zinazosifika kwa rushwa zilielekea kuwa na faini nyingi, wakasema mtu husafiri na desturi za kwao ndani ya begi la nguo. Mimi navutiwa zaidi na yule wa Burkina Faso. Kwa miaka yote ile kosa lilikuwa la bure, na hakulichukua.

Kisha mwaka 2002 mambo yakabadilika. Jiji likaruhusiwa kuzing'oa namba za kidiplomasia kwenye gari lenye faini zaidi ya tatu zisizolipwa, na deni likakatwa kwenye msaada wa Marekani kwa nchi husika, pamoja na nyongeza ya asilimia 10. Makosa yakaporomoka kwa karibu asilimia 98. Watu waliokuwa hawaoni vibao kwa miaka mitano, ghafla wakajua kusoma.

Becker hapo ana haki ya kutabasamu. Bei ilipopanda, mnunuzi alipungua. Lakini hesabu yake haikuweza kutuambia kwa nini wengine hawakuwa wanunuzi tangu mwanzo, wakati bidhaa ilikuwa bure. Wafuasi wake watajibu kwamba yule wa Burkina Faso ana gharama ya moyoni, dhamira inamchoma, nayo ni bei kama bei nyingine. Sawa. Ukiniambia kila kitu ni bei siwezi kukubishia, ila na wewe hujaniambia kitu. Swali la maana ni jinsi hizo bei mbili, ya mfukoni na ya moyoni, zinavyoishi pamoja ndani ya mtu mmoja.

Hapo ndipo nilitaka kufika, na njia inapita Haifa, Israel.

Mwaka 1998 watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walivichunguza vituo 10 vya kulelea watoto wadogo mjini humo. Kituo kinafungwa saa 10 jioni. Wazazi wengi wanafika kwa wakati, wachache wanachelewa, na kila anapochelewa mmoja kuna mwalimu anabaki pale na mtoto aliyekwisha kuvaa begi lake, wote wawili wanatazama mlango. Mzazi anafika anahema, anaomba radhi, hamtazami mwalimu usoni. Unayajua hayo.

Kwa wiki 4 watafiti walihesabu tu wachelewaji. Halafu vituo 6 vikatangaza faini ya shekeli 10 kwa kila mtoto atakayechelewa kuchukuliwa kwa dakika 10 au zaidi. Vituo 4 vikaachwa vilivyo, ili pawe na cha kulinganisha. Shekeli 10 wakati ule zilikuwa chini ya dola 3. Faini ya kuegesha vibaya mjini ilikuwa shekeli 75. Yaani ilikuwa faini ndogo, ya kukumbushana.

Ungetegemea uchelewaji upungue japo kidogo. Uliongezeka. Wiki baada ya wiki ulipanda, mpaka ukawa karibu mara mbili ya mwanzo. Wiki ya 17 faini ikafutwa. Uchelewaji haukushuka. Ulibaki huko huko juu ambako faini iliupandisha.

Kisa hiki kinasimuliwa sana, na mara nyingi kinasimuliwa vibaya, kana kwamba kimethibitisha kuwa fedha haina nguvu juu ya binadamu. Hakikuthibitisha hivyo. Faini ingekuwa shekeli 200 wazazi wale wangekimbia kama wanariadha. Mfuasi wa Becker atakuambia tatizo ni kwamba faini ilikuwa ndogo, naye amesema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kwa sababu bei ndogo ingetakiwa ipunguze kidogo, na hapa iliongeza. Kuna kitu kilikuwa kinawazuia wazazi kabla ya faini, na faini ilipoingia kitu hicho kikaondoka.

Kitu chenyewe kilikuwa nini? Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alikuwa amemwomba mwalimu hisani bila kufungua mdomo. Na hisani ina ubaya wake: haina kiwango. Hujui umebakiza ngapi. Hujui siku ya tatu mwalimu atakununia, au atamsema mtoto, au mkuu wa kituo atakuita. Mtu asiyejua deni lake limefika wapi huenda kwa uangalifu. Siku faini ilipobandikwa mlangoni, deni likapata mwisho. Shekeli 10, tumemalizana. Tena tangazo lenyewe liliwafundisha wazazi jambo walilokuwa hawalijui, kwamba kosa hili walilokuwa wanaliogopa thamani yake ni ndogo kuliko kuegesha gari vibaya. Mzazi mwenye kikao kazini akapima shekeli 10 na kikao, akachagua kikao, akafika saa 10 na nusu, akalipa, akasema ahsante. Amenunua nusu saa ya mwalimu, na amemtazama usoni.

Na faini ilipofutwa? Hapo ndipo pananiuma. Hisani ya zamani haikurudi. Kuchelewa kulikuwa kumeshakuwa bidhaa, na sasa bidhaa hiyo ilikuwa haina bei. Kila mtu huchukua cha bure.

Najua kuna mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ananisikiliza na ameshanicheka. Mbona sisi tunatoza faini, na watu wanawahi? Swali zuri sana, kuliko mengi yanayoulizwa kwenye makongamano. Kikao cha kikundi kina faini ya kuchelewa, faini ya simu kuita, faini ya kuongea bila kupewa nafasi. Shilingi mia tano, elfu moja. Kwa kiwango ni ndogo kama ile ya Haifa. Kwa nini haikugeuka tiketi ya kununulia ruhusa?

Itazame inavyolipwa. Umefika watu wameshakaa, sanduku liko katikati, wenye funguo watatu wameshafungua kufuli zao. Mwenye kusimamia nidhamu anataja jina lako. Unainuka, unavuka mduara, unaweka elfu moja mbele ya wanawake thelathini ambao wote waliacha biashara zao wakawahi. Mmoja anaguna. Mwingine anasema, “Leo tena, mama Zawadi?” Wanacheka. Ile elfu moja si adhabu. Adhabu ni safari ya hatua sita kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku. Tena faini hiyo haikuletwa na mkuu wa kituo. Mliipitisha wenyewe kwenye katiba yenu, na fedha zake zinabaki humo humo, zitagawanywa mwisho wa mzunguko, na wewe mchelewaji utapata sehemu. Hakuna anayeweza kuona kwamba amemnunua mwenzake.

Lakini angalia kinachotokea kikundi kinapohamia kwenye simu. Hisa zinatumwa kwa simu, faini inatumwa kwa simu, na mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp: “Leo sitafika, nimetuma hisa na faini.” Anaweka na alama ya mikono iliyokunjwa. Amemalizana. Baada ya miezi michache wenye uwezo hawaji, wanatuma. Wanaobaki kwenye mkeka ni wale ambao elfu moja inawauma. Haifa imeshaingia Mbagala, na hakuna mtafiti aliyeileta.

Niseme haraka habari nyingine, ya Kenya, kwa sababu inaonyesha upande wa pili wa sarafu. Wachumi James Habyarimana na William Jack waliingia kwenye matatu za masafa marefu, zaidi ya magari 2,000. Ndani ya baadhi ya magari hayo, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, walibandika stika za kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Basi. Hakuna askari aliyeongezwa, hakuna faini iliyopanda. Madai ya bima kwenye magari yenye stika, ambayo bila stika yalikuwa kiasi cha asilimia 10 kwa mwaka, yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Wewe uliyewahi kukaa kimya kwenye gari linalopaa unajua sababu ya ukimya. Ukisema peke yako, kondakta atakuambia ushuke ukanunue gari lako, na abiria wengine watatazama dirishani kana kwamba hawakujui. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Stika iliwapa watu ruhusa ya kuanza. Na cha kuchekesha ni kwamba ili madereva wasizibandue, watafiti waliwaandalia bahati nasibu ya fedha kwa wale watakaokutwa nazo. Fedha ikalipwa kuilinda sauti ya abiria. Kwa hiyo msidhani nawapiga vita wachumi. Jaribio hilo ni lao, na kuna watu wako hai leo kwa sababu yake.

Sasa twende msibani, maana huko ndiko hesabu hii inakotugusa zaidi, na ndiko tunakoikwepa zaidi.

Mwaka 1965 Becker aliandika kuhusu muda. Hoja yake fupi ni kwamba kila kitu tunachotumia kina bei mbili, ya fedha na ya saa, na kadiri saa ya mtu inavyopanda thamani ndivyo anavyotafuta njia ya kulipa kwa fedha badala ya saa. Ndiyo sababu mwenye kazi nono hapiki maharage. Ukiichukua hoja hiyo ukaipeleka kwenye matanga ya Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, inaeleza karibu kila kitu unachokiona. Nani analala msibani siku tatu? Nani anachota maji, anachambua mchele, anakoka moto wa masufuria? Ni yule ambaye saa zake sokoni ni za bei ya chini. Nani anakuja dakika kumi na tano na miwani ya jua, anabonyeza mkono wa mfiwa, anaacha bahasha? Ni yule ambaye saa zake ni ghali. Na nani siku hizi haji kabisa, anatuma rambirambi kwa simu akiwa foleni ya Ubungo, ujumbe unaishia na “poleni sana, tuko pamoja”? Becker angesema hakuna maajabu, kila mmoja amelipa kwa sarafu aliyonayo kwa wingi.

Na kwa kiasi fulani ni haki. Sanda na mbao hazinunuliwi kwa machozi. Msiba wenye watu mia moja wa kukaa na hakuna wa kuchangia ni taabu juu ya taabu. Harusi tulishaipachika bei siku nyingi: kadi ya mchango ina kiwango chake, ya mtu mmoja na ya watu wawili, usipolipa huingii ukumbini, na mwenyekiti wa kamati anakupigia simu kukukumbusha bila kumung'unya maneno. Hakuna aliyekufa. Sherehe ni sherehe, ukumbi una viti vya kuhesabika.

Msiba lakini ni bima, na ni bima ya ajabu. Hakuna mkataba, hakuna wakili, hakuna pa kwenda kushtaki. Leo kwangu, kesho kwako. Kinachoifanya isimame ni kwamba mfiwa anakumbuka nyuso. Daftari la rambirambi linaandika majina na kiasi, ni kweli, na wapo wanaolisoma kwa makini kuliko wanavyokiri. Ila ukimuuliza mtu aliyefiwa, miaka kumi baadaye, nani alimsaidia, hatakutajia kiasi. Atakuambia fulani aliteremka kaburini. Fulani alikaa na mama usiku kucha. Sarafu ya saa inadumu kwenye kumbukumbu kwa namna ambayo sarafu ya benki haidumu, na sababu yake ni ya kiuchumi kabisa: saa za tajiri na za maskini ni ishirini na nne kwa siku, kwa hiyo anayekupa saa zake amekupa kitu ambacho unaweza kukipima na chako. Laki moja ya tajiri huwezi kujua imemgharimu nini. Pengine haijamgharimu chochote.

Vyama vya kuzikana vya mijini vinabishana juu ya hili kila mwaka vinapopitia katiba. Asiyefika makaburini atozwe kiasi gani? Wengine wanasema elfu kumi, wengine elfu hamsini ili iume. Wengine, hasa wazee, wanasema faini ifutwe, mtu mzima hafundishwi kuzika. Wazazi wa Haifa, kama wangekuwapo, wangewaambia wazee hawa kwamba wamechelewa. Faini ikishakaa miaka mitano ukiifuta hurudishi aibu, umeondoa bei tu.

Mimi sijaombwa ushauri, lakini kipaza sauti kiko mbele yangu. Msipandishe kiasi, na faini msiifute. Badilisheni namna ya kulipa. Isitumwe kwa simu, na isipelekwe na mtu mwingine. Asiyefika mazikoni ailete mwenyewe kwenye kikao kinachofuata, asimame, amtaje marehemu kwa jina, aseme kilichomzuia, ndipo aweke fedha mezani, hata ikiwa shilingi elfu tano. Mfiwa awepo. Na asipofika kikao hicho, jina lake lisomwe tena kikao cha mwezi unaofuata, na unaofuata, mpaka aje. Hamtakuwa mmetoka nje ya hesabu ya Becker hata kidogo, maana hiyo nayo ni gharama, na wenye saa ghali ndio itakayowaelemea zaidi. Bwana mkubwa wa kutuma laki moja bila kuinua uso kwenye kompyuta yake atapiga hesabu, kama yule mwalimu alivyopiga kwenye gari, na ataona kwamba kufika makaburini ni rahisi zaidi.